Pikipiki mpya ya Kitaliano kwa mtu wa Malindi: ipi ianze, ipi ingoje

Banda langu hapa Malindi lina pikipiki tatu: Honda CG 125 ya mizunguko ya kila siku, Yamaha DT 175 inayowaka siku ikitaka yenyewe, na Vespa PX niliyoachiwa na ami yangu. Sasa natafuta ya nne, na safari hii nataka mpya, ya Kitaliano. Mji huu umeishi na Wataliano tangu walipoanza kurusha roketi kule Ngomeni miaka ya 1960. Vijana wa ufukweni wanabishana bei kwa Kitaliano bila kukosea hata neno. Lakini ukitaka pikipiki ya watu hao, unaanza kuulizia Nairobi.

Nimezipanga kwa maswali matatu: chumvi itaila kwa kasi gani, mchanga utaifanya nini, na fundi wangu ataweza kuifungua? Mbio nimeziweka nyuma kabisa. Anayetaka mbio na aende zake njia ya Mombasa, akarudi kutusimulia akijaliwa.

Ya kwanza: Moto Guzzi V7

Hawa wanatengeneza pikipiki Mandello del Lario, kando ya ziwa la Como, tangu 1921. V7 ya sasa ina injini ya sisi (cc) 853, silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia kama masikio, zikipozwa na upepo tu. Haina rejeta ya kuziba, wala pampu ya maji ya kuvuja. Tangi lake ni lita 21, na kiti kiko sentimita 78 kutoka chini, kwa hiyo hata sisi wafupi tunakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili.

Kilichoipa nafasi ya kwanza ni kwamba haina cheni. Nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofungiwa ndani na mafuta yake. Anayeendesha pwani anajua cheni inavyokuwa baada ya wiki ya kaskazi: mchanga umejipaka kwenye grisi, unasaga meno ya sproketi usiku na mchana. Kuna na jambo jingine ambalo wauzaji wa bara hawalitaji, kwa sababu hawalioni. Abiria wetu huvaa buibui na leso, nasi Ijumaa tunavaa kanzu. Sote tumewahi kusikia habari ya vazi lililoshikwa na cheni. Kwenye V7 spoki zipo bado, na nguo bado hukunjwa vizuri, lakini ule mdomo wa cheni haupo.

Mtaliano mmoja wa upande wa Casuarina anayo moja. Siku moja alikubali niipeleke kwa fundi wangu wa mtaa wa Barani, aitazame tu. Fundi akachuchumaa, akafuta mikono kwenye suruali, akachungulia kichwa cha silinda ya kulia. Akauliza tapeti zake, zile za kufungulia vali, zinarekebishwaje. Nikamwambia kwa skrubu na nati, na zinasukumwa na fito kutoka chini. Akacheka.

"Ami, hii ni CG mbili zimeozeshwa."

Hakukosea sana. CG 125 nayo inasukuma vali kwa fito, na kila fundi wa bodaboda amejifunza kazi kwayo. Kazi ya tapeti inarudi kila kilomita 10,000 hivi, na kwa kuwa silinda zimechomoza nje, unakaa kwenye kigoda, hufungui tangi wala kiti. Kompyuta na sindano za petroli ni habari nyingine. Hapo utahitaji mtu mwenye kifaa cha kusoma hitilafu.

Ubaya wake? Ni nzito, kilo 220 hivi, na kwenye mchanga laini inazama kama jahazi lililopwelewa. Joto la silinda mchana wa Februari linafika magotini. Ukiwa na safari za Lamu, itazame ndugu yake V85 TT, yenye injini ya ukubwa uleule, tangi la lita 23 na gurudumu la mbele kubwa zaidi. Kutoka hapa hadi Mokowe kupitia Garsen na Witu ni kama kilomita 220, na tangi hilo linatosha bila kuomba petroli ya chupa njiani. Ukifika Mokowe iegeshe, uvuke kwa boti. Vichochoro vya mji wa Lamu wameachiwa punda.

Ya pili: Vespa Primavera 150

Najua wapo watakaosema Vespa si pikipiki. Hao hawajawahi kuendesha wakiwa na kanzu. Piaggio waliisajili Vespa 1946 kule Italia, ikiwa na sehemu tambarare ya kuweka miguu na injini iliyofichwa nyuma, kana kwamba walikuwa wakiwafikiria masheikh wa pwani. Muulize Mzanzibari, atakueleza mpaka adhuhuri.

Primavera mpya haina gia za mkono kama PX yangu. Unasokota tu inakwenda. Injini inapozwa kwa hewa, na magurudumu ni inchi 12, kwa hiyo mashimo ya mtaani utayahesabu moja moja. Hofu yangu ni bodi. Ni ya bati la chuma, na ndilo linaloshika pikipiki nzima, hakuna fremu nyingine ndani. Mkwaruzo mdogo ukiuacha msimu mmoja karibu na bahari, kutu inaingia chini ya rangi na kutembea kimyakimya. PX ya ami ilikula sakafu yake hivyo. Kwa hiyo nunua chupa ndogo ya rangi yake siku hiyohiyo unayolipia.

Ya tatu: Aprilia Tuareg 660

Hii ni ya mwenye roho ya porini: Marafa kutazama korongo la Nyari, au njia ya Sala kuelekea Tsavo. Ina nguvu ya farasi 80, tangi la lita 18, na ikijazwa kila kitu inafika kilo 204, yaani nyepesi kuliko V7 ingawa inaonekana jitu. Kiti kiko sentimita 86, nilipanda moja nikabaki kwenye vidole kama mtoto anayechungulia dirishani. Ina rejeta na ina cheni. Ningekuwa na miaka thelathini ningeiweka ya kwanza.

Ya nne: Ducati Scrambler

Nzuri ya kutazama, injini yake ya sisi 803 hupozwa kwa hewa, na sauti yake huwatoa watu barazani. Tatizo ni vali. Ducati hawatumii springi kuzifunga. Kuna mkono unaofungua na mwingine unaofunga, ufundi ulioletwa na mhandisi wao Fabio Taglioni miaka ya 1950. Kuzirekebisha kunataka vipande vya vipimo maalumu na mikono iliyofundishwa. Utapanda nayo lori mpaka Nairobi kila huduma ikifika. Kama unataka ya kuwekwa na kupigwa picha, haya.

MV Agusta ni kito, kaa nayo sebuleni chini ya feni. Benelli nimeiacha nje ya orodha: jina ni la Pesaro, la 1911, lakini tangu 2005 wenyewe ni Wachina wa Qianjiang, na TRK 502 inatoka huko. Si pikipiki mbaya, na bei yake inaeleweka. Ila mimi natafuta ya Kitaliano.

Kabla hujatoa pesa

Ukiagiza mwenyewe, ushuru hauhesabiwi kwa bei ya dukani Italia. Wanachukua bei pamoja na nauli na bima, wanaweka ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 juu yake, na ada ndogondogo nyuma. Hesabu ya haraka: nusu ya bei, na zaidi, itaongezeka. Nilipoagiza ile DT, wakala mmoja wa Mombasa, jina nalisitiri, alisahau karatasi moja, na sanduku likalala bandarini likikusanya gharama za kuhifadhi. Tangu siku hiyo napiga picha kila karatasi kabla haijaondoka mikononi mwangu.

Waambie wauzaji wachomoe nyaya za betri kabla ya kufunga sanduku. Ndani ya sanduku hilohilo agiza filta, plagi, pedi za breki, waya wa klachi na mikono yote miwili ya hendeli, maana ikianguka ikiwa imesimama ndiyo inayovunjika. Dai funguo mbili na kadi yenye namba zake. Na Mtaliano anayerudi kwao akikuuzia ya kwake kwa bei tamu, tazama namba: ikiwa bado ni za Italia, huenda iliingia kwa kibali cha muda na ushuru haukulipwa. Utaulipa wewe.

Ikishafika, usiioshe kwa maji ya kisima. Nilimuosha Vespa hivyo mwaka mzima nikidhani namtunza, kumbe namwagia chumvi juu ya chumvi. Tumia maji ya bomba ya Baricho yakitoka, au ya mvua. Kausha, kisha puliza mafuta mepesi kwenye nati na eksozi. Usifunike kwa turubai la nailoni, linatoa jasho. Shuka kuukuu la pamba linatosha.

Mwenyewe nimeamua V7. Mlango wa banda nimeupima kwa ufito wa urefu wa hendeli ya yule Mtaliano, ukapita na kubakisha upana wa vidole vitatu kila upande. DT itahamia chini ya mwembe.