Kinasa data au kinasa sauti: kipi kinamfaa zaidi mchunguzi wa ajali ya ndege?

Kinasa data huhifadhi namba za safari, kama kasi na kimo; kinasa sauti huhifadhi sauti za chumba cha marubani. Vyote huitwa visanduku vyeusi, ingawa vimepakwa rangi ya chungwa. Kwa uimara ni sare.

Kwa muda wa kumbukumbu, kinasa data kiko mbali: saa 25, huku vinasa sauti vingi vikiishia saa 2. Januari 2024 kipande kinachoziba nafasi ya mlango kilichomoka kwenye ndege ya Alaska Airlines ikiwa angani. Ilitua salama, lakini sauti zilifutika kwa kuwa kinasa hakikuzimwa mapema, kikaendelea kurekodi juu ya sauti za zamani. Uzembe wa kukera.

Hitilafu ya mtambo? Data tena. Data ya ajali ya Ethiopian Airlines ya Machi 2019 ilionyesha kihisio cha kushoto cha pembe ya ndege dhidi ya upepo kikipishana mno na cha kulia, na MCAS, mfumo wa kompyuta unaoshusha pua ya ndege wenyewe, ukiisukuma pua chini mara kwa mara. Boeing, watengenezaji wa ndege hiyo, wakaurekebisha usome vihisio vyote viwili.

Lakini namba hazisemi kwa nini rubani alivuta usukani. Hapo sauti inatamba: king'ora, swichi ikibofywa, rubani msaidizi anayesita kumpinga kapteni. Na kwa kuwa hunasa mazungumzo ya faragha ya marubani, inalindwa zaidi kisheria.

Unashuku chuma, anza na data. Unashuku maelewano ya marubani, anza kusikiliza.