Siku moja Dodoma: mjini au Kolo?

Mgeni mwenye siku moja tu, azunguke mjini au akaone michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa? Mjini ni rahisi. Nyerere Square pana sanamu ya Mwalimu, Msikiti wa Gaddafi hauko mbali, na zabibu zinauzwa barabarani (zioshe kwanza, vumbi la huku halina adabu). Kufika saa nane umemaliza.

Kolo ni mwendo wa kilomita zipatazo 180 kaskazini, kisha unapanda mlima kwa miguu. Lakini ukifika kwenye mwamba, unakutana na watu wembamba wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa, mmoja anavutwa mikono huku na huku. UNESCO iliorodhesha michoro hii mwaka 2006. Mimi ningedamka niende Kolo. Nyerere Square nitapita jioni.