Sonara wa kichochoroni na bangili nne za mama

Akina mama watatu wa darsa letu wameniuliza swali moja: ile dhahabu uliipimia wapi? Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nimtumie.

Duka liko Mwanza mjini kati, vichochoro vya upande wa Makoroboi, limebanwa kati ya wauza mitandio na fundi saa. Usitafute kibao, hakipo. Mwenyewe aliposikia nataka kuandika habari zake aliniomba nisimtaje jina. "Wateja nilionao wananitosha, mwalimu. Na wezi nao wanasoma." Uliza sonara mzee mwenye paka mweupe, hata wabeba mizigo watakuonyesha. Anafungua saa tatu asubuhi. Ijumaa anafunga saa sita kamili na harudi mpaka saa tisa, kwa hiyo usijipeleke saa saba ukaanza kulalamika kama mimi.

Kupimiwa na kuandikiwa karatasi ni shilingi 5,000, viwe vipande viwili au ishirini. Kusafisha hatozi. Habari ya kumuuzia ni nyingine, nitaifikia.

Kabla yake nilikuwa nimeingia duka jingine, sitalitaja, lenye kiyoyozi na vioo pande zote. Kijana alitupa kidani changu juu ya mzani pamoja na mawe yake mekundu, akasoma namba, akaniambia ni gramu 44 na kwamba angenipa pesa taslimu hapo hapo. Mimi nimekuja kupima zaka, yeye ananinunua! Nikafunga kitambaa changu nikatoka.

Sasa niseme kilichonipeleka, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini napigia chapuo mzani. Mama yangu alifariki Rajabu ya 1445, ndiyo Januari ya 2024. Kwenye mgawanyo, katika fungu langu zikaingia bangili zake nne. Mimi mwenyewe nilikuwa na kidani cha harusi yangu ya 2009 na jozi tatu za hereni, vyote kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya magunia ya mchele. Ramadhani ya 1446, mwezi Machi 2025, ustadhi wetu pale Mabatini akatusomea zaka ya dhahabu. Nisabu yake, yaani kiwango ambacho zaka huanzia, ni dinari 20, kila dinari gramu 4.25, jumla gramu 85 za dhahabu safi. Ikitimia na mwaka wa Kiislamu ukaipitia, inatoka asilimia 2.5. Kwa mwendo wetu wa madhehebu ya Kishafi, pambo la halali ambalo mwanamke analivaa halina zaka. Ulichokifungia kuwa akiba kina zaka.

Akatusimulia na ile hadithi ya mwanamke aliyekuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na binti yake, mkononi mwa binti kuna bangili mbili nene za dhahabu. Akaulizwa: unazitolea zaka? Akasema hapana. Alipoonywa kwamba huenda zikawa bangili za moto, alizivua akazitoa zote mbili pale pale. Wanawake wa darsani wakavuta pumzi kwa pamoja. Mimi nilikuwa nafikiria lile kopo.

Kuhusu zuhdi, kila mtu ameshasikia kwamba si kukosa mali, ni mali kukaa mkononi isiingie moyoni. Tunaitikia "naam", tunarudi nyumbani na mioyo yetu imejaa vyombo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba jambo hilo lina gramu.

Basi mzee. Duka lake lina upana wa mikono miwili ikinyooshwa. Kuna stuli moja tu ya mteja, na siku ile ilikuwa ya paka. Mpwa wake anayejifunza kazi alinipokea kwa "Mwangaluka!" ya Kisukuma utadhani tuko Magu. Mzani ni wa kidijitali, unafunikwa na kiboksi cha kioo. Nilidhani ni urembo, kumbe feni ikiwaka namba zinacheza mpaka kioo kifungwe. Kwanza alisoma mihuri: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Kipande ambacho muhuri wake umefutika anakisugua kwenye jiwe jeusi, kinaacha mstari mwembamba wa njano, anaudondoshea tindikali, anatazama kama mstari unabaki au unakimbia. Kidani changu hakukipima na mawe. Aliyang'oa yote kumi na mawili kwa kibanio, akayapanga kwenye kifuniko cha chupa ya maji mbele ya macho yangu, na baada ya kupima akayarudisha yote. Gramu zilikuwa 38.4. Yule wa kwenye kiyoyozi alikuwa amenipimia mpaka vioo.

Bangili za mama ndizo zilizomchukua muda. Zimechorwa maua, na ndani ya michoro kulikuwa na kitu cheupe kimekauka. Akachukua mswaki wa kawaida wa meno, akaanza kuchokonoa juu ya karatasi. Likawa linadondoka vumbi la kijivu.

"Unga huu," akasema. "Mwenyewe alikuwa anapika?"

Alikuwa anakanda maandazi kila alfajiri, miaka yote niliyomjua, bangili zikiwa mkononi. Nilitaka kumwambia mzee aache mswaki. Nikanyamaza kwa kuwa nilijua vile ningesikika. Kabla ya mswaki nne zile zilikuwa na gramu 48.3, baada yake 48.0. Nikaomba ile karatasi ya vumbi, nikaikunja mara nne nikaitia kwenye pochi. Mpwa wake alinitazama. Mzee hakunitazama. Karatasi bado ninayo, msinicheke.

Kilichonifurahisha mimi kama mwalimu wa hisabati darasa la sita: mzee anaandika njia, siyo jibu peke yake. Dhahabu safi ni karati 24. Bangili 48.0 mara 22 kwa 24, ni 44.0. Kidani 38.4 mara 21 kwa 24, ni 33.6. Hereni jozi tatu 12.0 mara 18 kwa 24, ni 9.0. Jumla gramu 86.6 za dhahabu safi. Pete ya ndoa ninayoivaa kila siku hakuigusa. Nikahakiki kwa kichwa, nikakuta sawasawa. Ningempa vema zote.

86.6, na nisabu ni 85. Gramu moja nukta sita! Nilihisi kama mwanafunzi aliyekosa alama moja, ila kinyume chake.

Nikaanza kutafuta mlango. Nikamwambia nimesikia wapo wanaohesabu 87 na ushee. Mzee akavua miwani. "Wapo. Wateja wangu Wahanafi, nisabu yao gramu 87.48. Lakini hao kwao hata unayoivaa inatolewa zaka. Ukitaka gramu zao, weka na pete hapa." Mpwa akacheka mpaka paka akaruka. Hivyo nawaambia, ukienda pale na ujanja wako wa kuchanganya madhehebu, andaa uso.

Halafu akanifungulia mlango mwenyewe. Akaisogeza jozi ndogo ya hereni, gramu nne, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hizi unazivaa?"

Hesabu niliimaliza kabla hajamaliza swali. Gramu nne za karati 18 ni tatu safi. 86.6 toa 3 inabaki 83.6. Nikasema, "Nazivaa. Idi hadi Idi." Akaandika 83.6, akapiga mstari chini, akapokea elfu tano yake. Nikapanda daladala nimekumbatia mkoba kama aliyeponea ajali.

Nikiwa nyumbani niliwapa wote habari njema. Ilikuwa katikati ya mwezi, mbalamwezi imekwishawarudisha wavuvi wa dagaa nchi kavu. Mitumbwi miwili ya mume wangu imelala Igombe, naye yumo ndani mchana kutwa anahesabu madeni ya petroli. Habari ya kutotoa pesa ilimpendeza. Kwenye daku binti yangu, anakunywa uji, akauliza, "Hereni zipi hizo, mama? Mimi sijawahi kukuona nazo." Ana miaka kumi na nne. Idi ameshaona nyingi tu.

Hakuna aliyemjibu. Mume wangu alisogeza sahani ya tambi kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Usingizi wa baada ya alfajiri haukuja. Jambo ambalo nimekaa nalo tangu siku ile, nalisema hapa kwa sababu sikulisikia kwenye darsa: hereni zile sizipendi. Nilinunua kwa kupitiwa, zinanikwaruza. Nilichodanganyia kilikuwa bangili za mama, na bangili zenyewe hazipiti mkononi mwangu. Mama alikuwa na kifundo chembamba, mimi nimechukua mikono ya baba. Sizivai wala sitazivaa, na binti yangu anaelekea kunifuata mimi. Nilikuwa nimefungia kwenye kopo kitu kisichoweza kuvaliwa na mtu yeyote wa nyumba yetu, na kila wiki nalifungua kusikiliza zinavyogongana. Huo ndio mlio wa jikoni kwa mama. Ukiniuliza dunia iliyonishika ni ipi, siyo fedha wala gari, ni mlio.

Nikarudi kwa mzee asubuhi ile ile. Nilidhani ataniuliza au atatabasamu vile watu wanavyotabasamu. Alichukua karatasi ya jana, akakata 83.6, akaandika 86.6 pembeni, hakunitoza tena. Asilimia 2.5 ni gramu 2.165. Siku hiyo gramu safi aliihesabu 250,000, ikawa shilingi 541,250. Hii ndiyo sehemu ambayo huduma yake inazidi duka lolote nililoingia: anakujumlishia mpaka shilingi ya mwisho na hakushawishi uuze.

Kuuza nilishauri mwenyewe. Mshahara wa mwalimu mnaujua, unaingia tarehe fulani na kutoka siku nne baadaye. Dada yangu angenikopesha, na bangili zingebaki nne. Nikaona nikikopa nitakuwa nimetoa zaka na kopo limebaki kama lilivyokuwa. Nikasema nauza moja.

"Ipi?" akauliza.

Zote gramu kumi na mbili, zote maua yale yale. Nilisimama pale hadi wateja wawili nyuma yangu wakaanza kukohoa. Hapa ndipo nina malalamiko: duka halina faragha yoyote, mtu analia mbele ya wanunuzi wa cheni. Mwishowe nikatoa yenye bonde dogo ubavuni, ambayo sijui mama aliigonga wapi. Mzee akaiingiza kwenye mkasi mzito akaikata katikati, ili aone ndani kama ni dhahabu mpaka kiini. Ilikuwa dhahabu mpaka kiini. Ilitoa sauti fupi, kama kijiko kikigusa sufuria. Zilizobaki tatu nazo, nikizitikisa sasa, zina mlio mwingine. Siyo mbaya, ni mwingine.

Malalamiko ya pili ni bei ya kununulia. Kupigia hesabu ya zaka alitumia 250,000, kuninunulia akatumia 230,000 kwa gramu safi, anasema ni ya kuyeyushia na faida yake. Kwa gramu 11 nilipata 2,530,000. Nilimwambia elfu ishirini kwa gramu ni nyingi, akaniambia nizunguke mjini nirudi. Nilizunguka maduka matatu, nikarudi. Mpeni haki yake, alitabiri. Zaka ilifika kwa wenyewe kabla ya futari, na kiasi kingine kimetoka kwa jina la mama, siyo cha kuandika hapa.

Mengineyo: risiti ni ya mkono, mwandiko unasomeka. Umeme ukikatika mzani unatumia betri. Nendeni na kitambaa laini chenu, cha kwake kina manyoya ya paka. Msiende siku ya gulio la nguo, njia haipitiki.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya kabati la kioo alilolipanga usawa wa macho ya anayesubiri pesa zake. Mpwa alikuwa ndani anahesabu noti, muda ulikuwa mrefu, na mbele yangu kulikuwa na hereni ndogo za umbo la jani, nyepesi, zisizoonekana kama zinakwaruza. Nikajikuta nauliza bei.

Mzee akanitajia. Sikununua siku ile.