Rangi au nyeusi na nyeupe? Kupiga picha Mji Mkongwe, Zanzibar

Furaha ya jioni Forodhani, jua likizama baharini, inataka rangi. Tatizo ni mizani ya rangi ya otomatiki, kamera inapojirekebishia rangi yenyewe: huipoza ile dhahabu, picha ikatoka baridi kana kwamba hukuwapo. Iweke kwenye alama ya mawingu, takriban 6000K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga).

Upweke wa vichochoro saa sita mchana ni wa nyeusi na nyeupe. Hapo rangi husumbua. Ndoo moja ya plastiki ya buluu huvuta macho yote. Punguza mwanga kwa stopu 1, yaani nusu, la sivyo kuta za chokaa zitaungua, ziwe nyeupe tupu, na zikiungua hazirudi. Milango ya nakshi isubiri mwanga wa ubavuni. Mwanga wa usoni huilaza.

Ukisita, hifadhi faili la RAW, lile ghafi lenye data yote ya kamera. JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ikiwa ya nyeusi na nyeupe hairudishi rangi.