Takrolimasi au siklosporini baada ya kupandikizwa figo?
Dawa hizi zote mbili huzuia kalsinyurini, kimeng'enya kinachoziamsha seli T (seli za kinga ya mwili) zishambulie figo ngeni, na kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Takrolimasi huzuia zaidi mwili kuikataa figo, ndiyo maana wengi huanzishiwa hiyo. Lakini inaongoza kwa kuleta kisukari, mikono hutetemeka, nywele hunyonyoka. Siklosporini, kinyume chake, huotesha nywele hata usoni, na fizi huvimba.

Kosa la kawaida kwa zote: kumeza dozi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu ya kipimo. Kiwango cha dawa kwenye damu kitasoma juu, dawa ipunguzwe bure, figo ikataliwe. Balungi hupandisha kiwango. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukishusha mno. Kikizidi, dawa yenyewe huiumiza figo.