Barua Pepe Moja, Kompyuta Mbili: Cha Kulipia na cha Kuacha

Mchana umeisoma barua kazini, ukasema utaijibu usiku kwa utulivu. Usiku umefika, unafungua kompyuta mpakato nyumbani, kikasha ni cheupe. Barua haimo, kiambatisho hakimo, na hata lile jibu ulilotuma jana hulioni. Hakuna kilichopotea. Vyote vimelala ndani ya kompyuta ya kazini, nayo imezimwa.

Wengi wakifika hapo huanza kutafuta programu ya kununua. Nami nilianzia huko. Lakini programu nzuri za bure zipo tele, na hata ile ghali kuliko zote haiwezi kukuonyesha barua ambayo haipo kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayopokea na kutunza barua zako. Kama una fedha ya kutumia, ipeleke kwenye sanduku lenyewe, yaani ile nafasi unayopewa na mtoa huduma wa barua pepe. Hapa chini nimezipanga njia tano kwa namba, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Barua zako zinalala wapi?

Programu huchukua barua kwa njia mbili kuu. POP ni sawa na kwenda posta: unafungua sanduku, unabeba kila kilichomo, unaondoka. Atakayekuja nyuma yako atakuta patupu, hata kama ni wewe mwenyewe na kompyuta ya pili. Kanuni za POP3 zinazofuatwa mpaka leo zilichapishwa mwaka 1996, wakati mtu mwenye kompyuta moja alikuwa na bahati na nafasi kwenye seva ilikuwa finyu.

IMAP, ambayo Mark Crispin aliibuni akiwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, inaziacha barua kwenye seva. Kompyuta zako zote huchungulia mahali pamoja. Ukisoma barua hapa, kule nako inahesabika imesomwa. Rasimu uliyoiacha katikati ya sentensi kazini utaikuta nyumbani katikati ya sentensi ileile. Barua ulizotuma, folda ulizotengeneza, nyota ulizoweka, vyote vinafuatana.

Kujua uko upande gani ni kazi ya nusu dakika. Fungua mipangilio ya akaunti kwenye programu yako, nenda kwenye seva ya kupokelea, soma namba ya poti, yaani mlango ambao programu hupitia kufika kwenye seva. Ukiona 993, uko kwenye IMAP. Ukiona 995, ni POP, na ndiyo chanzo cha kikasha cheupe. Zikiwa 143 au 110, angalia kama usimbaji (kuzifunga data zisisomwe njiani) umewashwa, maana hizo ni poti za tangu enzi nenosiri liliposafiri wazi.

Nafasi ya kwanza: sanduku la IMAP na Thunderbird

Hili ndilo ninalompendekezea karibu kila anayeniuliza. Thunderbird ni programu ya barua pepe ya bure, imekuwepo tangu 2004, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukiwa na Windows kazini na Mac nyumbani hulazimiki kujifunza programu mbili. Unaweka anwani na nenosiri, yenyewe inatafuta seva. Ikikupa uchaguzi kati ya IMAP na POP3, chagua IMAP kisha urudie vilevile kwenye kompyuta ya pili. Kwa akaunti ya Gmail au Outlook.com litafunguka dirisha la kuingia la kampuni husika, na hilo ni jambo la kawaida, si utapeli.

Kwa kawaida Thunderbird huhifadhi pia nakala ya barua kwenye diski, kwa hiyo mtandao ukikatika unaendelea kusoma na kuandika. Gharama yake ni siku ya kwanza: sanduku lenye miaka kumi ya viambatisho litakula data nyingi kwenye kila kompyuta. Gmail yenyewe huweka kikomo cha megabaiti 2,500 za kupakua kwa IMAP kwa siku, kwa hiyo usishangae barua za zamani zikichukua siku kadhaa kufika. Unaweza kuiambia programu ishushe za siku 30 tu.

Kuna vitu ambavyo havisafiri na IMAP, na hapa ndipo watu hudhani wameharibu kitu. Saini yako unaiandika upya kwenye kila kompyuta. Kanuni za kupanga barua ulizoziweka ndani ya Thunderbird zinafanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu, tena ikiwa imewashwa; ziweke kwenye tovuti ya mtoa huduma ili zifanye kazi muda wote. Kitabu cha anwani na kalenda vina njia zao, CardDAV na CalDAV. Zaidi ya yote, angalia ile folda ya Thunderbird inayohifadhi barua kwenye kompyuta pekee. Inakaa chini kabisa ya orodha, imetulia, inafanana na nyingine. Ukiburuta barua ukaitupia humo, umeitoa kwenye seva na kompyuta ya pili haitaiona tena.

Hapa ndipo penye cha kulipia, yaani nafasi. Akaunti ya bure ya Google inatoa gigabaiti 15, lakini hizo zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha. Ya bure ya iCloud inatoa 5 kwa vitu vyote. Ikijaa, barua mpya zinagoma kuingia, na mara nyingi mtumaji ndiye anayejua kwanza, si wewe. Niliwahi kulipia mwaka mzima sanduku kwa kampuni moja ya kuhifadhi tovuti, nikavutiwa na maneno "barua pepe bila kikomo". Kumbe kisichokuwa na kikomo ni idadi ya anwani; kila sanduku lilikuwa na nafasi ya kutoshea viambatisho vya miezi michache tu. Nililijua hilo mteja aliponipigia simu kuuliza kwa nini barua yake inarudi. Tangu siku hiyo nauliza maswali matatu kabla ya kulipa: IMAP ipo? Kila sanduku lina gigabaiti ngapi? Likijaa, barua zinakwenda wapi?

Ya pili: kivinjari peke yake

Hakuna cha kununua, hakuna cha kusakinisha. Unaingia kwenye tovuti ya barua pepe kutoka kompyuta yoyote, kila kitu kiko vilevile, pamoja na saini, anwani na kanuni. Kwa mtu mwenye akaunti moja na mtandao wa uhakika, hii ingeweza kuwa ya kwanza kabisa. Nimeishusha kwa sababu mbili. Mtandao ukikatika, kazi imesimama. Gmail ina hali ya kufanya kazi bila mtandao, lakini ni ya kivinjari cha Chrome na inahifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Na mwenye akaunti tatu kwa watoa huduma tofauti atashinda akihama kutoka kichupo hadi kichupo. Kompyuta ya pili ikiwa inatumiwa na watu wengine, fungua dirisha la faragha na utoke kwenye akaunti ukimaliza.

Ya tatu: sanduku la kulipia lenye kikoa chako

Kikoa ni lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani. Hili ni la mwenye biashara, au mtu aliyechoka anwani yake kuwa mali ya kampuni nyingine. Faida yake kubwa ni kwamba ukihama mtoa huduma, anwani unahama nayo. Microsoft 365 na Google Workspace zinakupa barua, kalenda na anwani vikisawazishwa pamoja kwenye kompyuta zote. Fastmail ya Australia haina akaunti ya bure, ila IMAP, kalenda na kitabu cha anwani vyote vinafanya kazi na programu za kawaida.

Soma vizuri kabla ya kununua zile zinazouzwa kwa jina la faragha. Proton Mail ya Uswisi husimba barua kwa namna ambayo Thunderbird haiwezi kuzisoma moja kwa moja. Unahitaji programu yao ya kati iitwayo Bridge, nayo ni ya wanaolipia. Tuta haitoi IMAP kabisa, utatumia programu yao au kivinjari. Si huduma mbaya. Ila kama ulipanga kutumia programu uliyoizoea, ujue mapema.

Ya nne: programu ya kununua

eM Client ina sura nzuri, na toleo lake la bure kwa matumizi binafsi linaruhusu akaunti mbili. Ukiipenda, na una akaunti nyingi, ilipie. Kumbuka tu kuuliza leseni inaruhusu kompyuta ngapi, maana una mbili, na leseni ya kompyuta moja itakurudisha dukani.

Outlook mpya ya Windows ni ya bure ila ina matangazo, na ukiiunganisha na akaunti isiyo ya Microsoft, barua zako husawazishwa kupitia seva za Microsoft. Wengine hawajali. Mimi nisingeiweka akaunti yenye nyaraka za wateja. Na usishawishike na toleo la zamani la programu yoyote kwa sababu ya bei ndogo: tangu Septemba 2024 Microsoft haikubali programu kuingia kwenye akaunti binafsi za Outlook.com kwa nenosiri peke yake, na Google nayo imebana vivyo hivyo. Programu kuukuu itakuuliza nenosiri, utaliandika sahihi, itakuuliza tena, mpaka uchoke.

Ya mwisho: POP kwa kulazimika

Ikiwa mtoa huduma wako hana IMAP na huwezi kuhama leo, washa kwenye kompyuta zote mbili kile kipengele cha kuacha nakala kwenye seva, na kagua siku zilizowekwa. Outlook ya zamani huja na siku 14, kisha hufuta. Ukisafiri wiki tatu, kompyuta ya nyumbani imekosa. Kwa Gmail kuna ujanja: kwenye jina la mtumiaji andika recent: mbele ya anwani yako, nayo itazipa kompyuta zote barua za siku 30 zilizopita, hata zile ambazo kompyuta nyingine imeshachukua. Hata hivyo, ulichotuma kutoka hapa hakitaonekana kule, na barua uliyokwisha kuisoma itakungoja kule kama mpya.

Kubeba faili la barua kwenye flashi, au kuliweka faili la PST, ambamo Outlook huhifadhi barua, kwenye folda ya mtandao ili kompyuta zote zilifungue, sikupangii namba. Faili hizo huharibika, na Microsoft yenyewe haikubali PST itumiwe kupitia mtandao wa ofisi.

Ukiwa tayari una miaka ya barua kwenye POP

Usiifute akaunti ya zamani. Kwenye kompyuta yenye barua, ongeza akaunti ileile mara ya pili, safari hii kama IMAP, huku ya POP ukiizima isijichukulie barua mpya. Linganisha ukubwa wa folda zako na nafasi uliyonayo kwenye seva. Kisha nakili folda za zamani kwenda kwenye akaunti ya IMAP, moja baada ya nyingine, ukianza na ndogo. Nakili, usihamishe. Zikimaliza kupanda, nenda kwenye kompyuta ya pili ufungue barua mbili tatu za zamani zenye viambatisho. Zikifunguka, rudi ukaiondoe ile akaunti ya POP.