Jahazi za Desemba Mombasa: ipi ulipie, ipi uipe kisogo

Wabara wakishateremka pwani kwa Krismasi, kila mwenye chombo ana bei mpya na haraka mpya. Wewe kabla ya kuuliza bei, uliza maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na hapa kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Ndipo mafungu ya mchanga hutokeza na matumbawe huonekana. Upepo wa msimu huu ni kaskazi: asubuhi aghalabu bahari ni shwari, alasiri huchafuka. Anayekuuzia safari ya matumbawe ya saa tisa anajaza nafasi zilizombakia tu.

1. Shimoni hadi Kisite, hifadhi ya bahari. Ni mbali, ni ghali, na bado naiweka mbele. Chombo huondoka Shimoni asubuhi, mnapita kisiwa cha Wasini, na pomboo wakiwa na hiari yao mtawaona njiani. Huko Kisite maji ya Desemba ni meupe, unavaa miwani na mrija unaona mpaka chini. Mchana mnarudi Wasini kula kaa, samaki na wali wa nazi, kisha mnapita kwenye daraja la mbao la akina mama wa kisiwani, juu ya matumbawe ya kale. Mwenye chombo akikuahidi nyangumi, huyo anakuuzia maneno. Nyangumi ni wa msimu wa kusi, Julai hadi Oktoba.

Uliza kama bei ina kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori) ndani yake, maana hulipwa kando kupitia eCitizen, mtandao wa serikali, na mwananchi asiye na kitambulisho anaweza kutozwa kama mgeni. Ukitoka kisiwa cha Mombasa kwenda Shimoni, pita barabara ya Dongo Kundu. Foleni ya magari kwenye kivuko cha Likoni msimu huu inaweza kukumeza asubuhi nzima. Kunywa chai nyepesi, na chomboni kaa karibu na tezi, yaani nyuma. Omo, yaani mbele, ndiko kunakorusha, na ndiko wanakokimbilia wapiga picha, halafu hao hao ndio wa kwanza kutapika.

2. Boti ya kioo, Nyali na Bamburi. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ipo tangu 1986 na iko mlangoni pako. Wenye watoto wadogo waanzie hapa. Inama ukitazame kioo kabla ya kulipa: kikiwa kimekwaruzika au kimeota ukungu wa kijani, utalipia kutazama magoti yako. Mkifika, mkate usiwarushie samaki hata nahodha akikupa.

3. Jahazi ya chakula cha jioni, mkono wa bahari wa Tudor. Maji ya huko yametulia, hakuna wa kutapika. Ila usitarajie kusafiri kwa tanga. Mara nyingi tanga ni pambo, injini ndiyo inayosukuma. Wiki ya Krismasi nafasi huisha mapema.

4. Kijana anayekufuata mchangani na picha kwenye simu. Wapo waungwana, na bei yao hushuka. Lakini mwambie akuoneshe leseni ya KMA (mamlaka ya usafiri wa majini), na utoe arbuni ndogo tu kwa M-Pesa, jina likilingana na lake. Chomboni hesabu jaketi za kuokolea maisha, za watoto mbali. Akisema zimo sandukuni, mwambie alifungue.